Kibuyu Kisichofunguliwa kwa Mmoja

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye masikio?

Ayatege.

Mwenye jirani?

Amsogelee.

Sogeeni basi. Hapo zamani za kale, kwenye jabali moja lililokatwa katikati na korongo kavu, waliishi pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo kama sungura, mnene, masikio mafupi, mkia hana. Shikeni hilo, mkia hana, tutalihitaji mbele. Na damu ya pimbi haina moto mwingi. Usiku ukiingia, pimbi hulala wamebanana, mgongo kwa mgongo, wengine juu ya wengine, mpaka joto la mmoja linakuwa la wote. Akilala peke yake, hutetemeka hadi jua litoke.

Katika pimbi hao alikuwako msichana mmoja, jina lake Sikudhani. Mama yake alikufa zamani. Alilelewa na bibi yake, na tangu akiwa mchanga alilala ubavuni pa bibi huyo. Siku zote upande wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na kovu la kucha za tai.

Ukaja ugonjwa. Koho, koho, koho. Ulianza kwa nyani, ukaenda kwa swala, ukafika jabalini. Waliokohoa jioni, wengine hawakuamka asubuhi. Wanyama wakakaa kikao, wakaamua kila mmoja alale peke yake, ila wazee wavushwe ng'ambo ya korongo, walale huko wawili wawili, mbali na pumzi za vijana. Bibi yake Sikudhani akavushwa. Pimbi mzee alikuwa yeye tu. Mwenzake wa kulala naye huko akawa Kobe.

Jamani, Kobe. Kobe ni mwungwana, hana neno na mtu. Lakini ukimwegemea, ni baridi kama chungu cha jana.

Kila asubuhi bibi alitoka kuota jua, akaita: kriii, kriii, kriii. Sikudhani akajibu toka jiwe lake. Korongo si pana. Aliweza kuona masharubu ya bibi yake yakitikisika kwa upepo, ila kumgusa hakuweza. Akawa anaisikiliza ile sauti kwa makini kuliko inavyofaa. Leo imeanza kwa kukwaruza. Leo imekatika mapema. Kipupwe kilikuwa kinakaribia, na Sikudhani alijua bibi hatakimaliza ubavuni pa Kobe.

Dawa ikapatikana. Bi Nungunungu aliichemsha, akaitia vibuyuni, akakaa nayo kivulini chini ya mwamba. Anayekuja anachomwa mwiba mpya begani, chwii, basi. Na aliyechanjwa, mwezi ukiandama, ana ruhusa ya kuvuka korongo kumwendea mwenzake aliyechanjwa. Lakini kwa zamu. Wazee kwanza. Kisha wagonjwa. Kisha wenye mimba na wanaonyonyesha. Vijana mwisho. Bibi alichanjwa mapema. Sikudhani akangoja. Akangoja. Akangoja hata nyasi zikageuka rangi.

Siku moja ngoma ikalia, ndu, ndu, ndu: kesho ni zamu ya vijana. Moyo wake ukaruka, halafu ukaingiwa na hofu. Vijana ni wengi. Dawa ikiisha kabla hajafika? Jioni ile akakutana na Kanga, wale wa madoadoa, wakamwuliza habari za mwiba huo. Sikudhani akajisikia akisema kwamba yeye hajui sana, ila amesikia manyoya hung'oka. Akaenda zake upesi. Usiku hakulala, na haikuwa kwa baridi peke yake.

Alfajiri alikuwa wa kwanza. Mbele yake hakuna mtu. Nyuma yake hakuna mtu. Bi Nungunungu akachungulia njiani, akauliza wenzake wako wapi. Sikudhani akajibu kwamba yuko peke yake, na bega ameshalitoa.

"Mjukuu wangu," Bi Nungunungu akasema, "kibuyu kimoja ni cha watu kumi. Nikishang'oa kizibo, jua likizama, kilichobaki ni cha kumwaga. Nikufungulie wewe mmoja, tisa niwanyweshe mchwa?"

Akakaa pembeni kungoja. Jua likapanda, hakuja mtu. Jua likashuka, hakuja mtu. Kesho yake vile vile, na keshokutwa yake. Alishinda pale akikitazama kizibo. Na kila asubuhi kabla ya kwenda aliita ng'ambo, na jibu likawa fupi zaidi. Kriii, kriii. Kisha kriii moja.

Basi akawaendea Kanga. Aliwakuta wakichakura. Walipomwona wakarudi nyuma wote pamoja. Kumbe uvumi ulikuwa umekwenda matembezi na kurudi umenenepa. Haukuwa tena wa manyoya. Sasa ilisemwa kwamba ukichomwa ule mwiba, mkia unakatika.

"Usitusogelee, mwenzetu," Kanga mkubwa akasema. "Siku zote hizi unashinda kwa Bi Nungunungu. Haya, mkia wako uko wapi?"

Sikudhani akasema hakuzaliwa nao.

"Na bibi yako?"

"Hata bibi hana."

"Si na yeye kachanjwa?"

Kanga wakacheka, cheke cheke cheke. Kisha wakaacha, kwa sababu waliogopa kweli.

Uongo Sikudhani aliutuma mwenyewe, sasa umemrudia umevaa mwili wake. Akakaa chini.

"Habari ya manyoya niliitunga mimi," akasema. "Niliogopa dawa itaniishia. Nilitaka foleni iwe fupi. Bibi yangu analala na Kobe, na kipupwe hiki hapa."

Akawaeleza yote, kibuyu cha kumi, ile sauti, upande wa kushoto. Mnajua, Kanga nao hulala wamepangana kwenye tawi moja, bawa kwa bawa. Tangu ule ugonjwa kila mmoja alikuwa na tawi lake, na giza likiingia waliulizana toka mti hadi mti: umelala? Bado. Umelala? Bado.

Kanga mkubwa akamtazama sana. Akamwambia kwamba amewachezea, na hilo hawatalisahau leo wala kesho. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Tukichanjwa, tutarudi tawi moja?"

"Mwezi ukiandama."

Walikuwa tisa. Wakaenda kwa msururu, pata pata pata. Sikudhani akasogea mbele, kwa mazoea, Kanga mkubwa akamzuia kwa bawa.

"Uliyetaka foleni fupi, kaa nyuma. Asiye na mkia leo awe mkia."

Akakaa nyuma. Kizibo kikatoka, po. Kila Kanga aliyechomwa, chwii, aligeuka kwanza kutazama nyuma yake. Mkia upo. Anayefuata. Chwii. Mkia upo. Zamu ya Sikudhani ilipofika, Bi Nungunungu alikiinamisha kibuyu, akakigonga kitako. Ti, ti, ti. Dawa ikatosha, haikubaki hata ya kulamba.

Ikabaki kungoja mwezi. Kipupwe kikaingia, mawe yakawa na umande mpaka adhuhuri. Kila asubuhi, kriii moja, nyembamba kama uzi. Sikudhani aliishi kwa uzi huo.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake akatoka jiweni, akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya. Akashuka korongoni bila kuona anakokanyaga, akapanda ng'ambo, akamkuta bibi yake amejikunja kando ya Kobe, macho yamefumbwa. Akamgusa. Baridi. Kobe akatoa kichwa, akamtazama.

Bibi akafumbua jicho moja.

"Mbona leo hukuita?" Sikudhani akamwuliza.

"Mwezi niliuona jana," bibi akasema. "Aliye njiani haitwi."

Akajisogeza, akamwachia nafasi upande wa kushoto. Kobe akabaki upande wa kulia, na baridi yake ile ile.

Ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo, zamu yako imo ndani ya zamu za wenzako. Ukiwafukuza kwenye foleni, umejifukuza mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye wa kumwegemea amwegemee, na asiye naye asogee huku.