Kiti cha Bibi Harusi wa Nta

Sogeeni karibu, na walio nyuma wasije wakaniambia baadaye kwamba hawakusikia. Hadithi hii nimeibeba mpaka hapa, lakini kuitua kumenishinda. Mtaitua nyinyi.

Huko Ngamiani, Tanga, palikuwa na nyumba ya watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Kibibi aliota. Wala si ndoto zetu sisi za kukimbizwa na ng'ombe ukaamka unahema. Yeye aliota samaki wakianika kanga uani, aliota ngazi inayolia kwa sababu hakuna anayeipanda. Akiamka anakumbuka kila kitu, mpaka rangi ya kamba ya kuanikia.

Saumu, wifi yake, alifinyanga. Mpe nta ya nyuki, waya, na vipande vya kitambaa vilivyobaki kwa fundi cherehani, atakupa mtu. Uso wenyewe hauzidi kidole gumba, lakini ukiutazama unajua huyu kafiwa, huyu kashiba, huyu ana jambo analificha.

Mbaruku, mdogo wake Kibibi na mume wa Saumu, alisogeza. Aliwaweka watu wale wa nta mbele ya kamera, akasogeza mkono kiasi cha unywele, akapiga picha, akasogeza tena, akapiga tena. Picha zikipitishwa kwa kasi, mtu wa nta anatembea. Angeshinda kutwa ameinama ili mwanasesere anyanyue kikombe tu, anywe chai. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda, na hakulalamika.

Basi Kibibi akaota bibi harusi aliyepakwa hina, na hina ile ikajibandua mikononi mwake, ikashuka kitandani, ikatoka nje ikitambaa. Ikaingia nyumba za majirani moja baada ya nyingine, na bibi harusi nyuma anaifuata. Mbaruku aliisikiliza ndoto ile mpaka chai yake ikapoa. Wakaanza kuitengeneza filamu.

Hapo ndipo roho ilipoanza kumuuma Saumu.

Kila asubuhi Kibibi alitoka chumbani kwake kabla birika halijachemka, akakaa mkekani, na Mbaruku akamwambia, "Haya dada, tueleze." Ndugu wawili wakacheka, wakashikana mabega, wakamaliza vitumbua bila hata kuuliza nani kavipika. Saumu yuko pembeni na nta yake. Uso wa bibi harusi aliufinyanga akauvunja, akaufinyanga tena, mpaka akapata macho ya mtu anayeiogopa furaha yake mwenyewe. Siku alipoyapata, alitamani mtu mmoja tu amwambie kitu. Mbaruku alimchukua yule bibi harusi, akamgeuza huku na huku, akasema, "Miguu itasimama hii?"

Halafu akaja mtangazaji wa redio kuitazama kazi. Akahoji ndugu wawili, akasifu kwamba hao ni kichwa kimoja chenye midomo miwili. Alipokuwa anaaga akamwona Saumu mlangoni. "Na huyu?"

"Huyu mke wangu," Mbaruku akasema. "Ananisaidia."

Neno hilo moja halikumtoka Saumu. Alilala nalo, akaamka nalo. Alikuwa mwanamke mwenye haya na subira, msimdhanie vibaya, lakini wivu ulipomwingia haukubisha hodi.

Sasa nyumba ile ilikuwa na sharti. Bibi harusi akiwa katikati ya mwendo, hakuna anayevuka pazia la chumba cha kamera, maana akiguswa tu, kazi yote ya kabla inakwenda na maji. Ijumaa Mbaruku akaenda kuswali, Kibibi akajinyoosha kwenye kochi akapitiwa na usingizi. Saumu akavuka pazia. Bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni kwa jirani, ameinamia hina yake. Saumu akaishika ile shingo kwa vidole vilevile vilivyoifinyanga, akaikunja mpaka uso ukaielekea kamera. Alitaka kazi iharibike. Alitaka mumewe apige kelele, kisha aje amwambie, "Njoo mke wangu, shingo hii hakuna anayeijua ila wewe."

Mbaruku aliporudi alimwinamia mwanasesere wake, akaikagua shingo.

"Nta imelegea," akasema. "Joto hili."

"Rudia basi," Kibibi akamwambia. "Mimi sikuota hivyo. Niliyemwota mimi hakugeuka."

"Ngoja kwanza, dada." Akampiga picha vilevile alivyogeuka. Kisha akaanza kuirudisha shingo taratibu, unywele kwa unywele, mpaka bibi harusi akaiangalia tena hina yake akaendelea na safari. Saumu alikuwa jikoni anasikia kila neno, na hakuitwa.

Filamu ikaisha, ikapelekwa kwenye tamasha, ikashinda. Wenye tamasha hilo wana desturi yao. Hutoa kiti kimoja cha mpingo, na fundi wa kuchonga huja nacho mpaka nyumbani, akachonga mgongoni pa kiti jina la mwenye filamu mbele ya jamaa zake. Jina moja. Yakiwa mawili, kiti kinarudi.

Fundi akaja, akasalimu, akakitua kiti katikati ya sebule. Akawaeleza waliyoyasema waamuzi. "Wanasema walikuwa wanaitazama kama filamu nyingine yoyote, mpaka bibi harusi alipogeuka ghafla akawatazama. Waliona haya, kama waliofumaniwa wanachungulia dirishani kwa watu. Pale pale wakaamua. Haya, niandike nani?"

"Bila ndoto yangu kungekuwa na nini cha kutazama?" Kibibi akasema. "Hina ni yangu, bibi harusi ni wangu."

"Ndoto yako ingebaki kitandani, dada," Mbaruku akajibu. "Mgongo uliovunjika ni wangu. Na ile shingo wewe ulitaka niifute. Joto liliikunja, lakini aliyeiacha ni mimi."

Saumu alikuwa amesimama na sinia la kahawa. Angeweza kunyamaza. Akinyamaza, siri yake inabaki kwake na sifa zinakwenda kwa joto. Akisema, wivu wake unaanikwa mbele ya mume, wifi na mgeni. Akaliweka sinia chini.

"Si joto," akasema. "Ni mimi. Niliikunja kwa mikono yangu siku ya Ijumaa, nikitaka kuwaharibia."

Mbaruku alimtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kibibi akamgeukia. "Wifi, ulitaka kutuvunjia kazi, na leo unataka kukikalia kiti?"

"Ndiyo," Saumu akasema. "Uso waliouonea haya niliufinyanga mimi. Aliyeugeuza ni mimi. Kama nilikuwa na roho mbaya, nilikuwa nayo. Lakini kiti nakitaka."

Fundi ameshika patasi, basi lake linaondoka alasiri, na mgongo wa kiti bado mtupu.

Mimi nimefika hapo nikakwama. Haya, wewe uliyekaa mbele, na wewe unayejifanya umesinzia: achonge jina la nani? Aliyeota, aliyesogeza na kuiacha shingo, au aliyeikunja kwa ubaya ikawa ndiyo uzuri wenyewe? Na ukishamchagua, nenda ukawaambie wale wawili waliobaki.