Kopo la Mchanga Nje ya Jiko

“Nani ameondoa kopo langu hapo nje?”

“Mimi. Nimeliweka darini, juu ya moto, pamoja na mbegu za mahindi.”

“Tangu lini wewe na maua, baba?”

“Tangu nilipoona majani yote meupe kwa barafu. Hata mbuzi tumewaingiza ndani, mama, sembuse mbegu?”

Wapendwa, msicheke. Hawa walikuwa mke na mume wa huku kwetu milimani, na walipendana sana. Mke alikuwa amepewa na mtawa mmoja mbegu za yale maua yanayochipua upya kila mwaka bila kupandwa tena. Mtawa akamwelekeza: zifukie kwenye mchanga wenye unyevu, uziache nje msimu wote wa baridi. Zisipopigwa na baridi, haziamki.

Lakini mume alikuwa mkulima wa mahindi. Na mbegu ya mahindi, nani hapa hajui inakokaa? Inakaa darini jikoni, ipate moshi, wadudu wasiiguse. Alizihurumia mbegu za mkewe kwa njia aliyoijua.

“Sasa zitalala moja kwa moja,” mke akalalamika.

“Na wewe ukizitupa kwenye barafu ndiyo unazipenda?”

“Sijazitupa, nimeziweka! Nani anachomeka kidole kwenye ule mchanga kila asubuhi, aone kama umekauka? Nani amefunga wavu kuku wasichakure? Mtu aliyetupa kitu anahangaika hivyo?”

Mume akainuka. Akapanda kwenye kigoda, akalishusha kopo, akampa mkewe kwa mikono miwili. Halafu akamtazama binti yao wa pekee, aliyekuwa amekaa karibu na moto akimenya viazi. Binti huyo alikuwa amepata nafasi ya kujifunza ushonaji mjini, na masomo yalikuwa yaanze Jumatatu. Mama yake alikuwa amekataa. Atalala wapi? Akiumwa, nani atamjua? Kila siku jibu lilikuwa hilo hilo: bado mdogo, akae kwanza.

“Mama,” mume akasema polepole, “na huyu tuliyemweka karibu na moto, ataamka lini?”

Mke alibaki amelikumbatia kopo lake. Binti naye akaacha kumenya, kisu mkononi, akingoja.

Wapendwa, sisi tunapobaki tukingoja kwenye baridi huku wenzetu wakisonga mbele, tunasema nini? Tunasema Mungu ametutupa nje. Lakini je, tumewahi kuugusa mchanga uliotuzunguka? Juzi kuna mtu alipita kukusalimia bila shida yoyote iliyomleta. Kuna jirani aliyekuletea viazi vya moto kwenye sahani iliyofunikwa. Unafikiri mchanga wako umebaki na unyevu kwa sababu gani?

Na sisi tunaopenda watu, tusidanganyane. Baridi inauma, na mbegu iliyosahauliwa nje hukauka ikafa kweli. Kumwachia mtu wako aende ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kuamka kila asubuhi na kwenda kumwangalia. Mungu wetu anazifanya zote mbili. Sisi je? Yuko nani huko nje ambaye tulimwombea siku anaondoka, na tangu siku hiyo hatujamuuliza hata amekula nini?

Jumatatu asubuhi barafu ilikuwa bado kwenye majani. Baba alitangulia barabarani na begi kichwani. Mama akamfunga binti yake blanketi mabegani, akalifungua, akalifunga tena vizuri zaidi. Akamshika mkono mpaka mlangoni, na hapo akauachia.

“Nenda, mwanangu,” akamwambia. “Jumamosi nakuja kuangalia mchanga wako.”