Boga la Mwisho la Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi twiga bado ana shingo fupi na anafunga tai kama watu wengine, alikuwepo mjane mmoja, Bi Pimbi, mdogo kama mto wa kulalia.

Bi Pimbi alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hajui kufukuza mgeni. Piga hodi kwake wakati wa chakula, utakaribishwa, hata kama sufuria inalia.

Na majirani walijua! Kila adhuhuri, kifuniko kikigusa sufuria, kwenge! wawili wako mlangoni. Mzee Kiboko, anayependa kusifiwa kuliko kuoga. Na Bwana Fisi, anayependa kula kuliko kupumua. Wakishakula wao, watoto watatu wa Bi Pimbi hulamba mwiko.

Sasa ukame ukaingia, jikoni likabaki boga moja. La mwisho! Watoto hawajala tangu jana. Bi Pimbi akalipika kwa karanga, harufu ikatoka dirishani, na...

"Hodiiii!"

"Mama," akanong'ona Siwema, kitindamimba, "sema hatupo!"

"Mgeni hafukuzwi, mwanangu. Lakini anaweza kuondoka mwenyewe. Karibuni!"

Wakaketi mkekani. Kiboko alipokaa, nyumba ikasema ng'waaa.

"Mzee Kiboko," akaanza Bi Pimbi, "jana kisimani walikuwa wanakusema."

Masikio ya Kiboko, vyup! "Wanasemaje?"

"Kwamba wewe ni mlafi. Mimi nikakataa! Nikawaambia, yule muungwana, kipande kimoja cha boga kinamtosha. Wakanicheka!"

Kiboko akavuta tumbo ndani. Halikwenda. Akachukua kipande kimoja, akakitafuna kwa haya kama bibi harusi. "Alhamdulillahi. Nimeshiba."

Tumbo likajibu: nguruuuum!

"Radi hiyo," akasema Kiboko, akitazama dari. "Huenda mvua ikanyesha."

"Na wewe Bwana Fisi, ukila kidogo, nitakusifu pia."

"Sifa zinachovywa kwenye mchuzi?" Mate yanamtoka chururu. "Nipe sahani, shemeji. Au lete sufuria yenyewe, sahani za nini?"

Siwema akaanza kulia. Bi Pimbi akashika upawa, akapakua, kisha mkono ukasita hewani.

"Mmh! Lakini ukijaza boga tumboni, nyama utaiweka wapi?"

"Nyama gani?!"

"Aa, mimi sijasema kitu." Akaziba mdomo.

"Shemeji! Iko wapi? Ng'ambo ya mto?"

"Mto sijautaja."

"Kwa Nyumbu! Anaozesha binti yake! Ndiyo maana asubuhi niliona moshi!"

"Mimi moshi sijauona, shemeji."

"Unanificha ili uende peke yako! Nimekuelewa!"

Puruuuu! Fisi huyo, vumbi nyuma, kandambili moja ikabaki mlangoni.

Kiboko naye akaaga kwa madaha, hatua moja, kituo. Watoto wakala boga. Wakala, wakashiba, Siwema akacheua mpaka akajishtua mwenyewe.

Jioni Fisi akarudi anachechemea na kandambili yake moja. Nyuma ya kichaka akasikia kwacha, kwacha, kwacha. Kumbe Kiboko, anatafuna nyasi kavu!

"Wee! Si ulishiba?"

"Nasafisha meno. Vipi nyama?"

"Hakuna nyama, hakuna harusi, hata Nyumbu mwenyewe hayupo! Kahama!"

"Sasa nani alikwambia ipo?"

Fisi akafungua mdomo amtaje Bi Pimbi. Akakumbuka maneno yake, moja baada ya jingine. Akaufunga.

"Mimi mwenyewe," akasema.

Nguruuuum!

"Mzee, tumbo lako hilo tena."

"Safari hii si langu!"

Tone likamdondokea Fisi puani, to! Mvua ikashuka, na shambani kwa Bi Pimbi Siwema akawa tayari anafukia mbegu za boga.

Basi wanangu, mimi nimefika mwisho wa sufuria: kila mtu huendeshwa na kile anachokipenda, kwa hiyo kijue chako kabla jirani hajakijua.