Walii Aliyeshindwa Kukaa Kitako

Hapo zamani, si ile ya kale sana, ni zamani ya matrekta, aliishi dereva mmoja kwenye mashamba ya miwa, jina lake Sengondo. Alikuwa na nywele mgongo mzima, na kutwa nzima alikaa juu ya kiti cha trekta, akirushwa huku na huku.

Siku moja akaota jipu. Wapi? Juu kidogo ya mfereji wa makalio, mahali ambapo mtu haonyeshi mgeni. Akala amesimama. Akapiga soga amesimama. Mkewe, Mwajabu, akachoka, akamburuta hospitali.

Daktari Nyamizi, mpasuaji, akamlaza kifudifudi, akachungulia. "Baba, nywele zimetoboa ngozi, zikajichimbia shimo humu."

Akapasua, akatoa usaha na nywele. "Nenda ukapumzike. Na hapo panyolewe, zisije zikaingia tena."

Sengondo akapata nafuu. Akasahau kupumzika, akasahau kunyoa, akarudi kwenye trekta akiimba.

Ikafika harusi ya dada yake. Baba yao alishafariki, kwa hiyo walii, yaani msimamizi wa kumwoza, ni Sengondo. Akaketi mkekani mbele ya sheikh, kapendeza na kanzu yake nyeupe, akashikana mkono na bwana harusi. Sheikh akamwambia, "Haya, sema: nimekuoza dada yangu."

Sengondo akafungua kinywa, na jipu, lililokuwa limerudi chinichini, nalo likapasuka.

"Siwezi! Siwezi! Mama yangu!" Akaruka juu kama kakalia kaa la moto.

Bwana harusi machozi yakamlengalenga. "Kaka, nimekukosea nini?" Shangazi mmoja akaanza kuondoa masufuria ya pilau. Sengondo kajishika nyuma, hasemi kwa aibu.

Rafiki yake Chambuso, mpakia miwa, akaona kanzu imelowa. Akapaza sauti: "Jamani, Sengondo hamkatai shemeji! Anaukataa mkeka! Jipu la makalioni limerudi!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Sengondo akanong'ona, "Sheikh, sikai tena mimi."

"Ninachotaka ni kauli yako, si kitako chako," akajibu sheikh. Basi dada akaozwa, walii kalala kifudifudi, vigelegele juu yake.

Wakati wanambeba kwenda hospitali, Sengondo akalia, "Atakayeniwezesha kukaa kitako, mbuzi wangu, yule beberu mweupe, ni wake!"

Safari hii Daktari Nyamizi akabadili njia. Akalikata shimo lote, akavuta nyama ya pembeni kuliziba, mshono ukakaa kando ya mfereji. Kidonda kilipofunga, Mwajabu akashika wembe. Kila wiki, "Lala!" Kila wiki Sengondo anapiga kelele kwamba anatekenywa. Masika yakaja, yakapita, jipu halikurudi. Sengondo akakaa kitako, akakaa tena, akacheka peke yake.

Hapo wakaja kumdai beberu.

Daktari akasema, "Ni wangu. Bila kisu changu mngenyoa mpaka mchoke, na shimo lingekuwa palepale."

Mwajabu akasema, "Daktari, kwani mara ya kwanza hukupasua? Na likarudi! Ni wangu mimi niliyeshika wembe."

"Mara ya kwanza sikupasua hivi," akajibu daktari.

Chambuso akasema, "Kisu kingemkuta wapi, na wembe ungemkuta wapi? Bila mdomo wangu angelificha mpaka leo, na dada yake angekuwa hajaolewa. Ni wangu."

"Ulimwaibisha mume wangu mbele ya wakwe!" akafoka Mwajabu.

"Nilimwaibisha, akapona!"

Sengondo kashika kamba ya beberu, anamtazama huyu, anamtazama yule, na kila anayemtazama anamwona ana haki.

Haya, nyinyi mnaojifuta machozi ya kicheko, kamba hiyo hapo. Mngekuwa nyinyi, mngemkabidhi nani?