Wodi ya Bwana Fisi

Mwaka huo mvua zilikataa kabisa. Mto ukakatikakatika ukawa vidimbwi, vidimbwi vikawa matope, na matope yakapasuka kama kisigino kisichopakwa mafuta. Maji ya maana yalibaki mahali pamoja tu, katika bwawa dogo la mawe mbele ya pango la Simba. Humo Simba alifuga samaki. Hakuwala. Aliwafuga ili, akiinama kujitazama, rangi zao ziuzunguke uso wake kama taji.

Mkubwa wa samaki hao alikuwa Bi Perege, mama wa makamo mwenye maneno machache na macho makali. Alikuwa na binti mmoja, Kishada, na kwa ajili ya binti huyo angemng'ata hata mamba.

Siku moja Nyati alimletea Simba zawadi: samaki mwekundu ndani ya kibuyu. Sungura, aliyekuwa amekuja kunywa maji, akasema, "Mzee, mgeni huyu tumweke kando kwanza, tumwangalie. Hatujui amekuja na nini."

"Zawadi yangu ikae kando kama mwizi?" Simba akanguruma. "Mwageni humo!"

Akamwagwa. Haukupita muda, Bi Perege akaamka mapezi yakimwasha. Akajitazama, akaona vidoa vyeupe, vidogo kama punje za chumvi. Akajisugua kwenye jiwe. Kishada naye akajisugua. Mara bwawa zima likawa linajisugua, kila mmoja akigombea jiwe.

"Acheni kujikuna mbele ya wageni!" Simba akafoka kutoka juu. "Mnaniaibisha!"

"Basi shuka utukune wewe," Bi Perege akajibu, ila aliyasemea chini kabisa ya maji.

Hali ikazidi. Samaki wakaacha kula, wakawa wanahema juu juu. Simba alipoinama kujitazama akaona taji lake limechakaa, akatangaza kwamba anamtaka tabibu. Wa kwanza kufika alikuwa Fisi, amejivika shanga shingoni, mate yakimchuruzika.

"Shikamoo, shangazi," akamwambia Bi Perege, pua ikigusa maji.

"Marahaba. Sogea nyuma kidogo, mate yako yanatudondokea."

"Ni huruma hiyo, shangazi. Machozi yangu mimi hutokea mdomoni."

Fisi akamweleza Simba kwamba wagonjwa mahututi hawatibiwi hadharani. Inafaa wapelekwe wodini, yaani pangoni kwake, wakapumzike. Simba hakupenda kuona samaki wabaya karibu na uso wake, kwa hiyo alikubali upesi. Yule mwekundu akachotwa kwa kibuyu, akaenda. Akafuata mwingine, na mwingine.

"Wanaendeleaje huko?" Bi Perege aliuliza kila Fisi alipokuja.

"Wametulia mno," Fisi alijibu, akipiga mbweu. "Hata mmoja halalamiki."

Asubuhi moja Bi Perege alijitazama akakuta vidoa havipo. Akamgeuza Kishada huku na huku. Naye alikuwa safi.

"Dawa imeshika!" Fisi akapiga kelele, ingawa hakuwa ametia dawa yoyote. Simba akafurahi, akaamuru iandaliwe karamu ya kumshukuru.

Sungura akaja, akachungulia chini ya bwawa. "Mzee, karamu isubiri," akasema. "Vile vidoa ni wadudu. Wakishiba hujiachia wenyewe, wakaanguka kwenye matope, wakazaana huko. Watapanda tena, wengi kuliko mwanzo. Bwawa zima ndilo linaloumwa."

"Wivu huo," Fisi akacheka. "Masikio yote hayo na bado husikii kwamba wamepona."

"Hebu tuachie furaha yetu," Simba akamfukuza Sungura.

Karamu haijasahaulika, vidoa vikarudi. Safari hii Kishada alifunikwa mwili mzima kama aliyemwagiwa unga. Akalala ubavu chini ya jiwe, mashavu yakipanda na kushuka. Fisi akaja na kibuyu chake.

"Masikini, binti huyu sasa ni wa wodini. Tena leo leo."

Bi Perege akajitandaza juu ya mwanawe. "Wodi yako inapokea tu," akasema. "Sijaona inayemrudisha. Sungura! Mwanangu, kama unaweza kufanya jambo, lifanye sasa!"

Sungura akaja mbio, akainama mbele ya Simba. "Mzee, mwache amchukue. Ila kwanza tumwangalie tabibu mwenyewe, tusije tukampoteza. Ugonjwa huu humwingia yeyote aliyekula mgonjwa. Huanza na pua kuwasha. Halafu mkia. Halafu madoa hutokea mgongoni, mahali ambapo mwenyewe hawezi kuyaona." Akamgeukia Fisi na kutabasamu. "Kwa bahati nzuri, wewe hujala hata mmoja."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Ugonjwa ule ni wa samaki, hauna habari na fisi. Lakini Fisi hakujua.

"Mimi? Nile wagonjwa wangu? Astaghafiru!" akasema. Kisha akaikuna pua.

"Vipi?" Sungura akauliza.

"Mbu tu." Akaukuna mkia. Akaukuna tena. Akaegemea jiwe, akaanza kujisugua taratibu, kisha kwa nguvu, macho yamemtoka. Mwishoni akashindwa kuvumilia. Akaligeuzia bwawa mgongo.

"Shangazi," akanong'ona, "nitazamie. Yapo?"

Bi Perege akainua macho, akautazama mgongo wa Fisi, ambao tangu azaliwe ni wa madoadoa. Hakuwa na sababu ya kusema uongo.

"Madoa? Yamejaa tele, mwanangu. Mpaka mapajani."

"Nakufa!" Fisi akalia, akijibwaga chini. "Mzee, nisaidie! Na nilikula wachache tu, tena wadogo, wakubwa nilikuwa nimewaweka akiba!"

Kisha Simba akanguruma, mawe yakatikisika, na Fisi akakumbuka kwamba ana miguu. Alikimbia akijikuna, akaanguka, akainuka, akaendelea kujikuna mpaka vumbi likamficha.

"Sasa tutibu," Sungura akasema. "Tukwangue matope ya chini. Tuondoe haya matawi ya kivuli, jua lipashe maji. Tena tutie chumvi kutoka kwenye jabali wanakolamba nyati, kidogo kidogo, samaki wasishtuke."

"Nani ataibeba?" Simba akauliza.

Wote wakamtazama yeye.

Basi mfalme akabeba. Alipanda jabalini na kushuka, manyoya yamegandamana kwa jasho. Siku vidoa vilipoanguka tena, akautua mzigo kwa furaha. "Wamepona! Yatosha!"

"Mzee," Bi Perege akasema, na safari hii hakuyasemea chini ya maji, "hata kipindi kile tulikuwa safi hivi hivi, tukala na karamu. Waliomo matopeni bado wapo. Endelea kubeba."

Simba akafungua kinywa angurume, akamwona Kishada akinyofoa mwani kwenye jiwe, mlo wake wa kwanza tangu augue. Akakifunga kinywa. Akajipangusa chumvi kwenye sharubu, akageuka, akaufuata mlima.

Samaki wa Simba hawakupona siku vidoa vilipoanguka. Walipona katika zile siku zilizofuata, ambapo kila aliyetazama alidhani kazi imekwisha, ilhali mtu mzima mwenye manyoya shingoni bado alikuwa anabeba chumvi.