Roshani ya Liwali Isiyotaka Mafuta

Palikuwa na mlio usiku wa manane, kraaa, halafu ukelele, halafu mguu. Mguu mnene, mtupu, unaning'inia juu ya njia, na watu wakatoka na taa kuutazama, maana si kila usiku sisi wa chini tunajaliwa kuona mguu wa Liwali Ghasani. Mwenye mguu alikuwa juu, amekwama kwenye roshani yake, anatukana.

Roshani ile aliijenga Fundi Shee, mume wa Mize. Siku ya kukabidhi kazi alisema, bwana, kila mwaka kabla ya masika zipake mafuta mbao hizi, na majani yakijaa yafagiliwe, wajukuu zako watapunga upepo hapa. Liwali akacheka. Nyumba ya liwali ipakwe mafuta, kwani kikaango? Basi haikupakwa. Masika ya kwanza ikavimba, ya pili ikaanza kulia, ya tatu ikaoza kimya kimya kwa adabu zake. Kaskazi ilipoingia, ndiyo huo mguu.

Mkosa akajulikana papo hapo: fundi. Asubuhi Shee alikuwa ngomeni, na amri imeshatoka. Aape kwamba atajenga roshani isiyotaka mafuta, wala ufagio, wala kuangaliwa, milele. Asipoapa hatoki. Sasa nani ataapa hivyo? Na Shee alikuwa mkweli, maradhi mabaya sana kwa mtu maskini.

Mize akaenda barazani kwa Liwali, mtoto mgongoni. Alitetemeka mpaka mtoto akadhani anabembelezwa, akalala. Na Mize akiogopa hanyamazi, hofu yote humtokea mdomoni.

"Shikamoo bwana, samahani bwana, mguu haujambo? Nimekuja kwa ajili ya mume wangu, baba Lali, mtoto bado ananyonya, na mimi sina mwingine, na yule hakuharibu kitu, alisema mafuta, walisikia hata majirani..."

"Mumeo kaniuzia uozo," Liwali akamkata. "Kitu cha asili bora hakitunzwi. Kinachotaka mafuta kila mwaka kilikuwa kibovu tangu mtini."

"Kweli bwana. Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na watu?"

"Na watu! Mimi unaniona? Mababu saba, wote mabwana. Asili haipakwi."

"Subhanallah! Na mimi miaka yote nasema ni josho. Kumbe bwana unang'aa hivyo hata bila maji?"

Wazee wa barazani wakaanza kuvichunguza vikombe vyao vya kahawa.

"Hata bila maji!" Liwali akanguruma. Akishakasirika, haangalii alichosema.

"Basi nihukumu kwa hilo hilo, bwana. Nusu ya roshani yako ile imebaki juu, haijui mafuta. Nawe upo hapa. Isiguswe, nawe usiguswe. Hakuna josho, hakuna udi, hakuna marashi, kanzu ni hiyo hiyo. Ikianguka roshani kwanza, mume wangu mwongo, afie ngomeni, na mimi nitakufulia mpaka nizikwe. Ukiomba maji wewe kwanza, atoke siku hiyo hiyo."

Kadhi akakohoa. "Na udhu, binti?"

"Achukue, kadhi. Mimi nani nimzuie mtu na Mola wake?"

"Na josho la wajibu?"

"Wakeze wakimkubali, aoge."

Mzee mmoja akapaliwa na kahawa, wakampiga mgongo. Liwali akatazama huku na huku. Baraza imejaa, kila mtu kasikia. Akatae vipi?

"Nakubali! Hata mwaka!"

Alichosahau kukitazama ni mbingu. Jua la kaskazi lile, la kupasua mawe, wingu halipo hata la dawa. Kwenye jua kama hilo ubao hukauka ukatulia zake. Mtu huchuruzika jasho.

Msidhani Mize alikuwa analala. Kutwa yuko chini ya roshani, shingo juu. Siku kunguru alipotua pale, alimbembeleza kama mkwe: shuka baba, shuka, huko hakuna chakula, shuka taratibu, usiruke kwa nguvu. Ubao ukalia kidogo. Kunguru akaondoka. Mize akakaa chini pale pale mchangani.

Huku Liwali naye asili yake ikaanza kujitunza yenyewe. Muuza kahawa akahamisha birika lake, eti biashara huku imepungua. Wazee wakashikwa na mafua wote kwa pamoja. Mke mkubwa akaenda kumwuguza shangazi, mke mdogo akaenda kumwuguza mke mkubwa. Walinzi wakaomba wakalinde shamba. Nzi peke yao ndio waliobaki watiifu, hao hawakumwacha bwana wao hata akiswali.

Mwisho akamwita Mize. Yuko chumbani, madirisha yamefungwa, sauti ya chini kabisa.

"Roshani?"

"Imesimama, bwana, ahsante kwa kuuliza."

Nzi akafanya safari kutoka sikio hili kwenda lile.

"Mwambie mlinzi wa ngome amtoe mumeo," Liwali akanong'ona. "Aje aitengeneze, na mafuta apake kila mwaka kama alivyosema. Na ukipita kisimani... waambie walete maji. Mengi. Lakini sikiliza, mwanamke, haya yaishie humu ndani. Apa kwamba mwingine hatajua!"

"Naapa, bwana," Mize akasema, pumzi kaibana. "Simwambii mtu mwingine yeyote. Wa mtaa huu wameshanusa, na wa mtaa wa pili wanangoja upepo ugeuke."