Watatu na Dawa Iliyopigwa na Joto

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Palikuwa na vijana watatu waliosoma pamoja shahada ya sayansi ya data. Nyamizi alikuwa na jicho. Ukimwekea majedwali ya kurasa mia, angekuonyesha tarakimu iliyokaa vibaya kabla chai yako haijapoa. Lusajo alikuwa mtunzaji. Faili lolote alilowahi kuligusa, nakala yake alikuwa nayo. Tumsifu alijua kuzisemesha namba. Angechora mistari miwili kwenye karatasi, na mama muuza vitumbua angeelewa jambo ambalo profesa alilieleza kwa saa mbili akashindwa.

Siku ya mahafali waliambiwa kazi zinawasubiri: benki, kampuni za simu, bima, serikalini. Hakuna kilichowasubiri. Nyamizi alituma maombi mwaka mzima na nusu, mwisho akapata kazi ya mtakwimu katika hospitali ya Igulwa, mji aliozaliwa. Lusajo alichukuliwa na kampuni ya kusambaza dawa, apange njia za magari na kuangalia vipimo vya joto la friji zake. Tumsifu, aliyekosa kote, akaingia gazetini kuchora ramani za kura na bei za mahindi.

Kazi ya Nyamizi ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta rejista za wodi ya wazazi. Kwa kawaida hospitali ile ilipoteza mama mmoja kwa miezi mitatu, ikizidi sana wawili. Machi ile peke yake walikufa watano. Wote walitokwa damu baada ya kujifungua, na wote walikuwa wamechomwa sindano ya kuizuia damu hiyo. Akaenda kwa mganga mfawidhi, daktari Rwechungura.

"Binti, watano ni bahati mbaya," daktari alisema bila kuinua macho. "Wanakuja wamechelewa, wanakuja hawana damu mwilini. Niletee kitu chenye uhakika. Usiniletee hofu."

Nyamizi alikuwa amefundishwa hivyohivyo darasani: usiseme kabla namba hazijatosha. Akarudi mezani kwake, akangoja zitoshe. Namba kutosha maana yake ni akina mama wengine wafe. Alilijua hilo, na alingoja. Aprili ilipoanza wakafa watatu wengine.

Wiki ya tatu ya Aprili akaja kujifungua Kabula, mdogo wake wa tumbo moja. Saa nne asubuhi alipata mtoto wa kike, mzima. Saa saba mchana Nyamizi akaitwa mbio kutoka ofisini.

"Dada, nasikia baridi," Kabula alisema. Midomo yake ilikuwa haina rangi. "Nifunike."

Nyamizi akavua kanga aliyojitanda, akamfunika. Muuguzi akachoma sindano, akachoma na ya pili. Damu haikusimama. Ilipofika saa tisa, Nyamizi bado alikuwa ameushika mkono wa mdogo wake, na muuguzi ndiye aliyemwambia auachie.

Siku ya nne baada ya mazishi alirudi kazini, akaliingiza jina la Kabula kwenye kompyuta kwa vidole vyake mwenyewe. Alikuwa wa tisa. Halafu akafanya jambo ambalo mtumishi wa hospitali haruhusiwi kulifanya. Alinakili rejista yote, tarehe na namba za maboksi ya dawa, akawaandikia wenzake wawili: "Kabula amefariki. Nisaidieni kujua kilichomuua."

Tumsifu alipiga simu saa ileile. Lusajo hakujibu. Siku ya tatu alishuka stendi ya Igulwa akiwa hana hata begi, mkononi ameshika flashi.

Mwezi Februari Lusajo aliona friji ya gari moja la kampuni imezimika njiani siku mbili nzima. Ndani mlikuwa na sindano zile, na dawa ile ikipigwa na joto hugeuka maji matupu. Alipeleka taarifa kwa mkubwa wake. Mkubwa akamwambia, "Mzigo umeshafika. Safisha hizo namba." Lusajo alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, na mama yake alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, kwa bima ya kazini pale. Akazifuta. Akabaki na nakala, pamoja na orodha ya maboksi ya gari lile na vituo lilikoyashusha, kama ilivyo kawaida yake.

"Ulikuwa nayo tangu Februari?" Nyamizi aliuliza.

"Tangu tarehe kumi na tisa."

"Na ulinyamaza."

"Mama alikuwa kwenye mashine, Nyamizi. Ningesema nini?"

Nyamizi alitamani kumpiga. Akautia mkono wake mfukoni. Kisha akaipokea flashi.

Lusajo aliitoa akijua kitakachofuata. Kampuni ilimfukuza wiki ileile na bima ikakatika. Mama yake alikufa mwezi Juni.

Tumsifu hakuwa na chochote ila orodha mbili za wenzake, na kila moja peke yake ilikuwa bubu. Rejista ilisema wamekufa, haikusema kwa nini. Vipimo vya gari vilisema dawa imeharibika, havikusema imemfikia nani. Alikaa nazo siku mbili akizioanisha boksi kwa boksi. Wote tisa walichomwa dawa ya gari lile. Na si hao tu: maboksi ya gari lile yalikuwa yamelala kwenye zahanati na vituo kumi na vinne, yakingoja akina mama wengine.

Mhariri wake alitaka kampuni ipewe wiki moja ijibu. "Wiki moja ni wanawake wangapi?" Tumsifu alimuuliza. Akaacha kazi, akauchapisha mchoro mtandaoni kwa jina lake mwenyewe, pamoja na namba ya gari.

Nyamizi alikuwa amemuuliza kabla, "Namba ya gari ya nini?"

"Bila namba watasema nimetunga."

Siku mbili baadaye serikali ilikusanya kila boksi. Vifo vikakoma, kabisa. Lakini siku hiyohiyo gari lile liliingia Igulwa, na watu wakalitambua. Dereva wake, Mzee Kisusi, ndiye aliyekuwa ameripoti mara mbili kwamba friji ni mbovu. Hakupewa nafasi ya kulisema hilo. Walimshusha wakampiga kwa mawe na magongo, na tangu siku ile hajasimama kwa miguu yake.

Uchunguzi ulipokwisha, kampuni ikafungwa, mkubwa wa Lusajo akapelekwa mahakamani. Nyamizi naye aliachishwa kazi kwa kutoa siri za wagonjwa. Ndipo barua ikamfikia nyumbani. Serikali inaanzisha dawati la kufuatilia vifo vya wazazi, lenye mamlaka ya kuisimamisha dawa yoyote siku hiyohiyo. "Mlioifichua dawa hii ni watatu," barua ilisema, "lakini kiti ni kimoja. Andikeni jina moja, lifike Ijumaa."

Walikutana Alhamisi nyumbani kwa mama yake Nyamizi. Mtoto wa Kabula alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake.

"Mimi nakitaka," Lusajo alisema kwanza. "Najua namba zinavyofichwa, kwa sababu nilizificha. Hakuna atakayenificha tena. Na nyie hamkupoteza nilichopoteza."

"Nilipoteza mdogo wangu," Nyamizi alisema.

Lusajo akainamisha kichwa.

"Kiti kile kinataka mtu asiyengoja," Tumsifu alisema. "Ningengoja, zingekuwa zahanati kumi na nne zinazika."

"Umeshaenda kumwona Mzee Kisusi?" Nyamizi alimuuliza.

"Bado," Tumsifu alisema.

Mama yake Nyamizi alimpangusa mtoto mdomo. "Mwanangu," akamwambia Nyamizi, "wewe uliviona vifo kwanza kuliko wote. Ungepiga kelele Machi, huyu angekuwa ananyonya kwa mama yake. Lakini usingeona, wasingejua hata hawa. Sijui nikwambie nini."

Waliondoka wawili wale, wakamwachia kalamu. Waliapa kwamba jina atakaloandika, lolote, hawatalipinga. Nyamizi alijaza tarehe, akajaza anwani. Mstari wa jina ukabaki mweupe mbele yake, na kwa mara ya kwanza maishani jicho lake halikumwonyesha kitu.

Mimi nimefika hapo, siendelei. Yupo aliyeona, akangoja. Yupo aliyeficha, akaja kutoa kwa gharama ya mama yake. Yupo aliyeunganisha na kuokoa wengi, akamvunja asiye na hatia. Angekosekana mmoja wao, akina mama wangekuwa bado wanakufa. Na msinikwepe kwa kusema hafai hata mmoja, maana kiti kikikaa wazi atakalia mwingine ambaye hajawahi kuona, kutoa wala kuunganisha chochote. Haya, kalamu mnayo: mngeandika jina la nani?